Fuata maji: jibu kwa msomaji aliyeuliza kuhusu mifereji na viwanda vya Lowell

Swali: "Mimi ni Mkenya, naishi Lowell, Massachusetts, huu ni mwaka wa nne. Kila alfajiri nikienda kazini kwenye makao ya wazee navuka mifereji, na kandokando yake kuna majengo marefu ya matofali mekundu, mengine sasa ni nyumba za kupanga. Bibi mmoja ninayemhudumia aliniambia mama yake aliingia kazi humo akiwa msichana mdogo. Nani alichimba mifereji hii, na ilikuwa ya nini kama vyombo havipiti? Kwa nini viwanda vilikufa? Na ni kweli kwamba ile marekani waliyovaa bibi zetu ilitoka huku?"

Jibu:

Dada yangu, asante kwa swali. Umeuliza mambo matatu, lakini yote yana mzizi mmoja, nao ni maji. Wageni wengi wakifika Lowell hutazama matofali. Mimi nilianza kazi nikiwa mhandisi kijana kwenye mtambo wa umeme wa maji, na mazoea hayo hayajanitoka: nikifika mahali kama hapo hutafuta kwanza maji yanaingilia wapi na yanaangukia wapi. Nawe kesho ukipita darajani, tazama chini kabla ya kutazama juu.

Mto Merrimack unateremka kutoka milima ya New Hampshire kwenda baharini. Ukifika kwenye maporomoko ya Pawtucket, hapo ulipo sasa mji wenu, unashuka futi 32 hivi, yaani karibu mita 10, katika mwendo usiofika maili moja. Wapennacook, wenyeji wa bonde hilo, walikuwa wakikusanyika hapo kila mwaka baridi ilipokwisha, kuvua samaki waliokuwa wakipanda mto kwenda kutaga. Walowezi wa Kiingereza waliokuja baadaye waliona kitu kingine kabisa: kikwazo. Mbao zao kutoka bara zilivunjika kwenye miamba kabla ya kufika bandari ya Newburyport. Ndiyo maana mwaka 1792 iliundwa kampuni iitwayo Proprietors of Locks and Canals, na kufikia 1796 ilikuwa imekamilisha mfereji wa Pawtucket wa kuyazunguka maporomoko. Kwa hiyo vyombo vilipita, dada. Mfereji wa kwanza wa mji wenu ulichimbwa kwa ajili ya mashua na magogo, na malango yake yalipandisha na kuteremsha maji ili mashua zipite salama.

Biashara hiyo haikudumu. Mwaka 1803 ulifunguliwa mfereji wa Middlesex, maili 27, uliopeleka mizigo moja kwa moja hadi Boston, na ule wa Pawtucket ukabaki karibu bila kazi. Ukakaa hivyo miaka kama ishirini, maji yakipita bure.

Wakati huo mfanyabiashara wa Boston, Francis Cabot Lowell, alikwenda Uingereza mwaka 1810 akakaa hadi 1812. Waingereza walikuwa wamepiga marufuku kutoa nje mashine za nguo na hata michoro yake. Yeye alitembelea viwanda, akatazama mitambo ya kufuma, akaihifadhi kichwani. Aliporudi alimpata fundi hodari, Paul Moody, na pamoja wakaujenga upya mtambo huo huko Waltham, kando ya mto Charles. Jambo jipya lilikuwa mpangilio: chini ya paa moja pamba iliingia ikiwa robota, ikachambuliwa, ikasokotwa, ikafumwa, ikatoka nguo. Faida ilikuwa kubwa, lakini mto Charles ni mdogo na nguvu yake ikafika kikomo. Lowell alifariki mwaka 1817. Mji uliopewa jina lake hakuwahi kuuona.

Washirika wake, akina Nathan Appleton na Patrick Tracy Jackson, ndio waliokuja Pawtucket mwaka 1821. Walinunua mashamba ya pale kimyakimya ili bei isipande, na wakanunua hisa za ile kampuni ya mfereji iliyodorora. Huu ndio ufunguo wa historia yote ya Lowell. Walichokuwa wakikinunua hasa kilikuwa haki ya maji, na ardhi ilikuja nayo. Mwaka 1822 wakaunda Merrimack Manufacturing Company, mwaka 1823 nguo ya kwanza ikatoka. Mwaka 1826 mahali hapo pakawa mji mdogo wenye jina la Lowell, na mwaka 1836 pakatangazwa kuwa jiji.

Waliochimba ni Waayalandi. Aprili 1822 Hugh Cummiskey aliongoza vibarua 30 kwa miguu kutoka Charlestown, karibu na Boston, safari ya siku nzima, wakaanza kupanua mfereji wa zamani na kuchimba mpya. Walitumia sururu, koleo na baruti. Hakuna aliyewajengea nyumba. Mji uliopimwa kwa kamba kwa ajili ya mashine haukuwa na nafasi yao kwenye ramani. Walipiga mahema na kujenga vibanda kwenye eneo lililokuja kuitwa Acre, na Acre imebaki hadi leo kuwa mlango wa kuingilia kila kabila jipya: baada ya Waayalandi wakaja Wafaransa wa Kanada, kisha Wagiriki, na karne moja baadaye Wakambodia waliokimbia vita. Nyie Wakenya, mliojaa Lowell kiasi kwamba mtu anaweza kusali, kula na kunyoa kwa Kiswahili, mmeingia kwenye foleni ndefu.

Sasa mfumo wenyewe. Kufikia 1848 mifereji ilikuwa na urefu wa maili 5.6, kama kilomita 9, imesukwa katika ngazi mbili. Maji yaliingia kwenye mifereji ya juu, yakapita chini ya kiwanda na kuzungusha magurudumu yakianguka futi 13, yakaingia mifereji ya chini, yakatumika tena yakianguka futi nyingine 17, ndipo yakarudishwa mtoni. Maji yale yale yaliuzwa mara mbili. Na yaliuzwa kweli, kwa kipimo. Kampuni ya mifereji ilikuwa na kizio chake, uwezo wa kuendesha kiwanda kimoja: futi za ujazo 25 kwa sekunde zikianguka futi 30, nguvu iliyotosha spindeli 3,584, yaani vijiti vya kusokotea uzi, pamoja na mitambo yake yote ya kufuma. Kila kampuni ya nguo ilipangishwa idadi fulani ya vizio hivyo kwa mkataba, na wapimaji walizunguka kuona nani anachota kupita haki yake. Nimefanya kazi na mikataba ya maji ya mabonde yetu, na nakwambia hakuna hoja tunayobishana leo ambayo Lowell haikuibishania mwaka 1840.

Ndani ya kiwanda nguvu ilipanda kwa mikanda mipana ya ngozi kutoka chini ardhini hadi ghorofa ya juu, ikazungusha vyuma virefu vilivyotundikwa darini, na kila mtambo ukavutwa na mkanda wake. Mikanda hiyo ilikuwa wazo la Paul Moody, na ilitumika kwanza mwaka 1828 badala ya magia mazito ya chuma ya Kiingereza. Ndiyo sababu majengo ni marefu na membamba. Chuma cha darini hakiwezi kurefuka bila mwisho, mwanga wa dirisha haufiki mbali, basi wakajenga kwenda juu.

Mtu ninayemheshimu kuliko wote katika habari hii ni James B. Francis. Mwingereza, alifika Marekani mwaka 1833 akiwa na miaka 18, na mwaka 1837 akawa mhandisi mkuu wa kampuni ya mifereji. Ndiye aliyejenga mfereji wa Northern, ule mpana uliotenganishwa na mto kwa ukuta mkubwa wa mawe. Alipotazama rekodi za mafuriko aliona kwamba siku moja mto ungepita kwenye mfereji wa zamani na kuusomba mji. Akajenga lango kubwa la mbao, futi 27 kwa 25, akalitundika juu ya mfereji wa Pawtucket. Watu walicheka, wakaliita upuuzi wa Francis. Lilikamilika mwaka 1850. Mwaka 1852 mafuriko yakaja, chuma kilicholishikilia kikakatwa, lango likaanguka mahali pake, na mji ukapona. Mwaka 1936 liliangushwa tena na kuokoa mji mara ya pili, Francis akiwa kaburini zaidi ya miaka arobaini. Lipo bado. Nenda ukalione.

Ila jina lake halikufika kwetu kwa sababu ya lango. Magurudumu ya mbao yalikuwa yakipoteza maji mengi, na mji ulikuwa umeishiwa na maji ya kuuza. Francis akaanza kupima, kwa uangalifu ambao wahandisi wanausoma mpaka sasa, jinsi maji yanavyoingia kwenye gurudumu la chuma kutoka pembeni na kutokea katikati. Mwishoni mwa miaka ya 1840 akapata umbo lililotumia sehemu kubwa mno ya nguvu iliyomo kwenye maji, karibu asilimia 90. Ndiyo turbini ya Francis. Mtambo wa umeme wa Kidatu, Tanzania, unatumia za aina hiyo. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina turbini tisa za Francis, kila moja megawati 235. Nilijifunza kazi yangu nikisikiliza mashine yenye jina hilo miaka mingi kabla sijajua kwamba ilizaliwa kwa sababu viwanda vya nguo vilikuwa vinagombea maji ya mfereji.

Mama yake yule bibi unayemhudumia, kwa umri wake, huenda aliingia kazi katika zama za Wafaransa wa Kanada na Wagiriki. Lakini wa kwanza kuingia humo walikuwa mabinti wa wakulima wa New England, wengi wao wa umri wa miaka 15 hadi 30. Wenye viwanda waliwajengea mabweni yaliyosimamiwa na wanawake watu wazima, mara nyingi wajane, mlango ukifungwa saa nne za usiku, kanisa likiwa lazima. Kengele iliwaamsha gizani. Wiki ilikuwa na saa za kazi 73 hivi kwa siku sita. Madirisha yalifungwa hata wakati wa joto, kwa sababu uzi mkavu hukatika, na vumbi la pamba likabaki ndani ya chumba na ndani ya mapafu. Kubadilisha uzi kwenye kile kibeba-mshindio, mfumaji aliweka mdomo kwenye tundu lake akaufyonza uzi kwa pumzi, na mwenzake wa zamu nyingine akafanya vivyo hivyo kwenye tundu lile lile. Kifua kikuu kilisafiri kwa njia hiyo.

Wasichana hao walipata mishahara yao wenyewe, wakasoma, wakahudhuria mihadhara jioni, wakachapisha jarida lao. Wageni wa Ulaya walilisifu. Mimi pia nawasifu, lakini kwa jambo jingine zaidi. Februari 1834 ujira ulipotangazwa kupunguzwa, karibu wasichana 800 waliacha mashine wakaandamana. Wakashindwa. Mwaka 1836 gharama ya malazi ilipopandishwa waliandamana tena, safari hii kati ya 1,500 na 2,000, na wakafanikiwa zaidi. Miaka ya 1840 Sarah Bagley akaongoza chama cha wanawake wafanyakazi, na mwaka 1845 yeye na wenzake walisimama mbele ya kamati ya bunge la Massachusetts kudai siku ya saa kumi, katika zama ambazo mwanamke hakuwa na kura. Kamati iliwasikiliza na isifanye kitu. Sheria ya saa kumi kwa wanawake ilipita mwaka 1874, wengi wao wakiwa bibi au marehemu.

Na pamba yenyewe? Haioti Massachusetts, dada. Ilitoka kusini, kwenye mashamba yaliyolimwa na watumwa weusi. Mwaka 1848 mwanasiasa Charles Sumner alisema wazi kwamba kuna muungano kati ya mabwana wa kiboko na mabwana wa mtambo wa kufuma, naye alikuwa mtu wa Boston akiwasema jirani zake. Kuna jambo linaloniuma zaidi. Sehemu ya nguo za Lowell, zile nzito na za bei ya chini, ilirudishwa kusini kuwavika watumwa. Nguo hiyo ilijulikana huko kwa jina la mji: "lowell". Wazee waliokuwa watumwa walipohojiwa miaka mingi baadaye bado walisimulia mashati yao ya lowell. Mtu alivuna pamba kwa mjeledi, ikaenda kaskazini ikapita kwenye mikono ya binti wa mkulima anayeamka kwa kengele, ikarudi ikawa shati la mvunaji yule yule. Ukitazama ukuta wowote wa kiwanda pale mjini, hesabu na watu hao miongoni mwa waliojenga.

Tuje kwenye marekani. Ndiyo, ni kweli, na jina lenyewe ni ushahidi. Septemba 1833 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alitiliana mkataba wa biashara na Sayyid Said, sultani wa Omani na Unguja, huko Muscat, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem, mji wa bandari wa Massachusetts, akafika Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza wa nchi yake. Lakini wenzake wa Salem walikuwa wameshatangulia. Jahazi zao kubwa zilishusha Unguja nguo ya pamba isiyopaushwa, nzito, imara, iliyotoka viwanda vya Massachusetts, ambavyo Lowell ilikuwa ndiyo jiji lao kubwa. Zilirudi na pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu. Sandarusi ilitengenezewa vanishi, na pembe nyingi ziliishia Connecticut, kwenye vitufe vya piano.

Nguo hiyo watu waliipenda kwa sababu ilidumu. Kwenye misafara ya bara, kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, marekani ilikuwa fedha: hongo ya mtemi ililipwa kwa doti, posho ya mpagazi ilikatwa kwa kipimo cha mikono. Waingereza wa Manchester walijaribu kuiiga, lakini wanunuzi walipima kwa vidole wakaikataa. Nikurekebishe jambo moja tu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1840 sehemu kubwa ya marekani ya Unguja ilitoka Salem kwenyewe, kwa Naumkeag Steam Cotton Company, kiwanda kilichoendeshwa kwa mvuke kando ya bahari, bila mfereji wowote. Kwa hiyo shuka ya bibi wa bibi yako ingeweza kuwa ya Lowell, lakini kama ni ya miaka ya 1850, ningeweka dau kwa Salem, ambako ukipanda treni kupitia Boston hupotezi hata nusu siku.

Iliyoua biashara hiyo ni vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865. Pamba ya kusini ilikatika. Makampuni ya Lowell yaliona faida kuuza pamba iliyokuwa ghalani kwa bei mpya kuliko kuifuma; mengi yakafunga milango na kuacha maelfu ya wafanyakazi barabarani. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza niliirudia mara mbili. Huku kwetu marekani ikaadimika, na nafasi yake ikaanza kushikwa na nguo za Uingereza, kisha za Bombay. Nguo za Marekani zilirudi baada ya vita, lakini zile enzi za kutawala soko zilikuwa zimepita. Limebaki neno. Mwambie fundi cherehani wa Mombasa akukatie marekani, hatakuuliza unamaanisha nini.

Kwa nini basi viwanda vyenyewe vilikufa? Utaambiwa ni ushindani wa kusini, na si uongo: huko ujira ulikuwa mdogo, sheria za kazi legevu, pamba karibu, mashine mpya. Lakini kwa maoni yangu ugonjwa ulianzia nyumbani. Tangu injini za mvuke zilipokuwa bora, kuwa kando ya maporomoko hakukuwa tena faida kubwa. Kiwanda kingeweza kujengwa popote makaa yanapofika. Wakati huo ndio wenye Lowell walipaswa kuweka fedha kwenye mashine mpya. Wengi waliendelea kugawana gawio huku mitambo ya babu zao ikichakaa. Mwaka 1926 kampuni ya nguo ya Hamilton ikafunga, na katika miaka hiyo hiyo nyingine zikafilisika au kuhamia kusini. Mdororo wa miaka ya 1930 ulikuta mji tayari umelala. Vita vya pili vikarudisha kazi kidogo, kisha Boott ikafunga katikati ya miaka ya 1950, na Merrimack, mzaliwa wa kwanza, mwaka 1958. Majengo ya Merrimack yalibomolewa, na mabweni yake yakafuata.

Mengine yaliponea chupuchupu. Mwalimu mmoja wa pale, Patrick Mogan, alishikilia kwamba watoto wa mji walikuwa wanafundishwa kuona aibu ya mahali palipowalea, na kwamba viwanda na mifereji vingekuwa darasa lao. Mwanasiasa Paul Tsongas, mzaliwa wa Lowell, akalipeleka jambo hilo Washington, na mwaka 1978 eneo likawa hifadhi ya taifa ya historia.

Siku ukipata likizo, nenda jumba la makumbusho la Boott. Chumba cha kufumia cha chini kina mitambo 88, na wakiwasha baadhi tu sakafu inatetemeka. Mlangoni wanagawa vizibo vya masikio. Kama yule bibi anaweza kutoka, na familia yake ikiridhia, mwende naye. Kisha mrudi kwa njia ya mfereji wa Northern. Tangu miaka ya 1980 kuna mtambo wa umeme kando yake, na maji mnayoyaona yakikimbia kwenye ukuta wa Francis yanakwenda kuzungusha turbini.